Sabuni ya Kutunza Ndege

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za chumba cha ndege cha makumbusho, nikaweka sahihi kwamba mikasi na koleo zote zimo kwenye droo zake, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, mtaa wa Katuba. Ninyi wadogo zangu mliobaki pale mliniomba niandike niliyoyaona kazini. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili. Ni vichache na havichekeshi. Nitaandika juu ya miaka ya mwanzo, kwa sababu kila mmoja wenu amewahi kunisikia nikipiga kelele juu ya kopo lisilo na maandishi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kiswahili changu cha kuandika ni kile cha shule ya mapadri. Watu nitawaacha waseme kama walivyosema, kwa Kiswahili cha mjini kwetu.

Naitwa Kisimba Damien. Baba yangu alitoka kaskazini, upande wa Pweto, akaja kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa mjini wakati mji bado uliitwa Elisabethville. Mwaka wa 1959 padri mmoja alinipeleka kwenye nyumba ya makumbusho kwa sababu nilikuwa na mwandiko mdogo na safi. Walitaka mtu wa kuandika lebo zinazofungwa mguuni mwa ndege waliokaushwa: jina la ndege, mahali, tarehe, dume au jike, na jina la mtu aliyemleta.

Siku ya kwanza nilimkuta fundi wa kuchuna, Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi, mtu wa jimbo la Kasai, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mbele yake alilala kozi mwenye tumbo lililokwisha kufunguliwa.

"We njo mutoto banatuma?"

"Ndiyo, Tata."

"Nawa mikono. Mbele ya kazi unanawa. Kisha kazi unanawa mara mbili."

Nilinawa, nikatazama, nikatoka nje kutapika, nikarudi. Hakucheka. Alinisogezea kiti na kuendelea. Aliongeza mpasuo kidogo kifuani, akaivua ngozi kama mtu anavyovua soksi, akinyunyiza unga wa mahindi ili unywe damu. Kisha alichukua brashi na kuipaka ngozi kwa ndani sabuni nyeupe, laini, iliyotiwa arseniki ili wadudu wasiile. Tuliipika wenyewe, na tuliichanganya na kafuri. Ilikuwa na sura ya sabuni na harufu ya dawa ya kifua. Ilikaa kwenye kopo lenye fuvu la kichwa lililochorwa kwa rangi nyekundu.

Lakini kazi ambayo Mukendi aliipenda zaidi ilikuwa ya kadi. Kwa miaka mingi alikuwa amekusanya watu wa kujitolea: mfanyakazi wa reli, mtawa mmoja, mjomba wangu aliyeuza samaki wakavu Pweto, katekista mmoja wa Mitwaba. Kila mmoja alipewa kadi za kuandika ndege aliowaona. Kadi za mjomba zilifika ndani ya magunia ya samaki, na mpaka leo droo ya Pweto inanuka ziwa la Mweru. Mukendi aliwadai mambo mawili tu: waandike siku ileile, na wasipoona kitu waandike kwamba hawakuona. Hilo la pili liliwashinda wengi. Mtu anaona aibu kutuma kadi tupu. Mukendi aliwaandikia barua ndefu za upole kueleza kwamba kadi tupu nayo ni kazi, kwa kuwa bila hiyo hatuwezi kujua ndege wamepungua au mwenye kuhesabu alilala.

Siku moja mjomba alituma mguu wa mbayuwayu wenye pete ndogo ya bati. Tuliandika barua Ulaya, na baada ya miezi jibu likaja: pete ilifungwa na mwalimu wa shule moja ya kijijini huko, mtu wa kujitolea kama mjomba. Mukendi aliisoma barua ile mara tatu kwa sauti. Nilielewa siku hiyo kwamba wasomi walio juu yetu walikuwa na vitabu, lakini njia ya mbayuwayu ilijulikana na mwalimu na muuza samaki ambao hawakuwahi kuonana.

Mwaka wa 1960, siku chache baada ya uhuru, jimbo letu la Katanga lilijitenga na nchi. Mkuu wetu, mzungu mpole aliyeogopa paka, aliondoka akaniachia funguo na karatasi ya kazi za wiki mbili. Hakurudi. Tulimaliza kazi za wiki mbili, tukaanza upya kutoka juu ya karatasi.

Kaskazini vita viliwaka. Kadi za Mitwaba ziliendelea kuja kwa muda, zikipitia mikono ya watu waliokimbia. Katekista alikuwa na mwandiko wa duara, wa mtu anayefundisha watoto. Kadi yake ya mwisho nilifungua mimi. Ilikuwa ya mwezi wa kwanza, katikati ya mvua, wakati ambapo hakuna anayechoma nyasi. Aliandika: "Mwewe kumi na wawili juu ya moshi. Korongo weupe wengi chini, wanakula panzi wanaokimbia moto. Moshi hauko wa nyasi." Tarehe na sahihi vilikuwa mahali pake.

Mukendi aliisoma, akavua miwani, akaikunja shingo kama mtu anayeumwa jino. "Weka mu droo yake," aliniambia. Niliiweka. Hatukupata nyingine, na hakuna aliyetuambia kwa hakika yaliyompata yule mtu.

Baadaye mwaka huo wa 1961 zamu ya watu wa Kasai ilifika mjini kwetu. Walitazamwa kama wageni na maadui, hata wale waliozaliwa hapa, na wengi walifukuzwa kwenye nyumba zao. Asubuhi moja Mukendi hakuja. Majirani zake waliniambia kwamba vijana wenye fimbo walipita, na kwamba mzee aliondoka na mke wake na godoro kuelekea kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji, inayolindwa na askari wa kulinda amani wenye kofia za bluu. Baada ya wiki mbili mfanyakazi wa reli aliniletea kikaratasi chake. Kiliandikwa hivi: "Kisimba, leta visu, sindano, rula na sabuni. Huku bantu banakamata ndege juu ya njaa, na zinaliwa pashipo kuandikwa."

Lile kopo la fuvu lilikuwa limeliwa na kutu mpaka chini. Nilikuwa nimehamishia sabuni kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, lenye kifuniko kizuri. Lebo nilisema nitaiandika kesho, na kesho zilikwisha kupita kadhaa. Nilifunga vitu vyote ndani ya aproni ya Mukendi, nikatia mfukoni kadi na mbayuwayu mmoja aliyekaushwa, nikapanda baiskeli.

Kwenye njia panda vijana wenye bunduki walinisimamisha. Siku zile walikuwa wengi, kila njia na wa kwake, na sikuwahi kujua hawa walikuwa wa nani.

"Kazi yako iko nini?" aliuliza mkubwa wao.

"Kuhesabia ndege, chef."

Aliinua macho juu. Wiki ileile ndege za vita zilikuwa zimepiga mji. Ninyi mmezoea mzaha huu wa neno moja kwa vitu viwili. Mimi ulinikuta nikiwa na bunduki mbele ya pua. Alipekua mfuko wangu, akatoa kadi na kusoma polepole: "Ndege kumi na ine. Zinatoka kaskazini. Saa kumi na mbili ya asubui." Akawageukia wenzake. "Kumbe njo huyu anabaambia!"

Walinipigisha magoti barabarani.

"Haiko ile ndege, chef. Iko ndege ya manyoya. Angalia mu mufuko, mu pamba."

Mmoja alitoa mbayuwayu aliyekaushwa, akamshika kwa mguu, akaisoma lebo, akamnusa. Walianza kucheka. Mkubwa alifungua kopo naye akalinusa.

"Dawa?"

"Dawa ya ndege. Ya kuzitunza zisioze."

Walicheka zaidi. Niliachiwa kila kitu isipokuwa kadi na penseli. Walisema karatasi zenye hesabu hazipiti. Nikapanda baiskeli tena.

Kambi ilianzia pale ambapo zamani tulikuwa tunakwenda kutega nyavu za kuvisha ndege pete. Miti yote ilikuwa imekatwa kwa kuni na kwa vibanda. Watu maelfu waliishi chini ya mabati, mikeka, maboksi na matope. Mukendi alikuwa amekonda, lakini alikuwa na meza: mlango wa mtu juu ya matofali. Mbele yake alikaa mama mmoja, Kabedi, ambaye mume wake alipotea siku ya kufukuzwa. Alitega ndege kwa ulimbo karibu na mto na hakuna aliyekamata wengi kama yeye. Binti yake Tshala, wa miaka sita hivi, alisimama akijikuna. Mwili wake ulijaa upele uliokwisha kuwa vidonda.

Nilitazama jinsi walivyofanya. Kabedi aliweka hua wawili mezani. Mukendi aliwapima bawa, akatazama kinywa na miguu, akaandika kwenye daftari la shule tarehe, mahali, na jina la Kabedi. Kisha alimrudishia. Mara chache sana aliomba ngozi, na aliiomba kwa heshima, kwa kuwa ngozi ina mafuta, na pale mafuta yalikuwa chakula. Badala ya unga wa mahindi alitumia majivu. Hakuna mtu ambaye angethubutu kumwaga unga juu ya ndege mahali pale.

Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama haoni haya, kupima mabawa mbele ya watu wenye njaa.

"Naona," alisema. "Lakini nikikaa bule nitasikiliza tumbo tu. Na hawa bantu, banauliza kila siku kama minaandika majina yabo. Ku mji banafuta majina yabo. Hapa inaandikwa."

Alifungua aproni, akahesabu visu, akalishika kopo. "Sabuni iko humu? Mu kopo ya maziwa?"

"Ndiyo, Tata. Ile ya zamani ilioza."

"Uliandika juu yake?"

"Bado. Banachukua kreyo yangu ku njia."

"Andika na makala."

Makaa yalikuwa jikoni kwa jirani, hatua nne kutoka pale. Nilikuwa nimeinuka kuyafuata wakati risasi zilipolia upande wa barabara. Watu walianza kukimbia, mama wakiita watoto, na askari wa kofia za bluu wakapiga kelele kwamba wasio wa kambi watoke. Nilichukua baiskeli. "Nitaandika nikirudi!" nilimwambia. Hatua nne. Nimezipima mara nyingi tangu siku ile.

Mapigano yalifunga njia kwa siku tisa. Siku ya kumi nilirudi na penseli mpya na lebo tatu nilizochora fuvu kwa wino mwekundu. Niliposogea kwenye kibanda nilisikia kilio.

Haya ndiyo niliyoelezwa. Mukendi alikuwa amewaonya wa nyumbani kwake, na kopo alilizika chini ya kitanda. Asubuhi moja alilitoa kwa ajili ya ngozi ya ndege mlasamaki, kisha wakaja kumwita kwamba mke wake ameanguka kwenye foleni ya maji. Alikimbia. Kabedi alifika na ndege wake, akakuta hakuna mtu. Mtoto alikuwa analia kwa kuwashwa. Mama aliliona kopo la maziwa, akalifungua, akasikia harufu ya kafuri. Sabuni ya dawa. Alimpaka Tshala mwili mzima, juu ya vidonda, kwa mkono wake mwenyewe, akaiacha ikauke vizuri. Mtoto alianza kutapika jioni ile. Siku ya tatu asubuhi alikufa. Daktari wa hema alisema hawezi kuandika sababu, kwa kuwa wiki ile watoto wengi walikufa kwa surua na kuharisha. Mimi sikuhitaji daktari.

Watu walikuwa wamemzunguka Mukendi. Kaka wa Kabedi alilinyanyua kopo. "Hii kopo iko ya nani? Huyu muzee anaua batoto juu ya ndege yake! Anafanya buloji, uchawi!"

Mukendi aliniona kati ya watu. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Iko yangu," alisema yeye kabla yangu. "Kopo iko yangu. Kosa iko yangu."

Walimpiga. Alikuwa mzee, kwa hiyo hawakumpiga sana, lakini mtu mmoja alimshika mkono wa kulia, ule wa kisu, akauweka juu ya ile meza na kuupiga kwa mchi. Nilisikia mifupa. Nilisimama pale na lebo zangu tatu mfukoni mpaka askari walipokuja kuwatawanya.

Kabedi hakumpiga mtu wala hakupiga kelele. Alinijia mimi, kwa kuwa alinijua kuwa wa kazi ile.

"Ile sabuni," alisema, "iko ya nini?"

"Ya kutunza ndege, mama. Zisioze."

"Ya kutunza ndege," alirudia. Alisubiri, kama mtu anayefikiri bado kuna maelezo yanakuja. "Na bantu, bantu banatunzwa na nini?"

Nilimwambia pole. Nilichukua kopo, nikalirudisha mjini, nikalizika mbali na maji, chini ya mawe, kisha nikanawa mikono mara mbili.

Mukendi alikaa kambini mpaka mwaka uliofuata, wakati wakimbizi walipoanza kupelekwa Kasai kwa treni. Nilimsindikiza. Mkono wake ulikuwa umeungana vibaya, vidole vimekunjwa kama vya ndege aliyekauka. Alinipa daftari la kambi.

"Tata," nilimwambia, "siku ile nilikuwa niseme."

"Minajua. Ungesema bangekuua. We haiko muntu wa huku." Alitazama behewa, ambamo mke wake alikuwa ameshakaa. "Mi sina mambo na weye. Lakini siku moja utaenda kumuambia mama ya mutoto. Haiko mimi. Yeye."

Kujitenga kulipokwisha, mwanzoni mwa mwaka wa 1963, makumbusho yalipata mkuu mpya. Aliona daftari la kambi, akasema halifai kuingia kwenye rejista, kwa kuwa waliokusanya si wataalamu na mazingira hayakuwa ya kawaida. Nilimwambia kwamba mabawa yalipimwa na fundi bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao, na kwamba ndege waliokufa kwa njaa ya watu wamekufa kweli. Ni ugomvi pekee wa kazini nilioushinda. Nilinakili kila mstari na kila jina. Ndiyo sababu mkifungua mwaka ule mtakuta ukurasa baada ya ukurasa wa Kabedi.

Miaka iliyofuata mnaifahamu. Nilifundisha watu wa kujitolea, walimu, wauza makaa, wanafunzi wa chuo cha Kasapa wanaokuja na darubini za kuazima na shauku ya wiki tatu. Nilirithi barua za Mukendi kuhusu kadi tupu, nazo bado haziwashawishi watu. Lakini jambo moja sikulirithi, nililianzisha: mtu wa kujitolea haambiwi tu afanye nini, anaambiwa pia anashika nini. Anayeokota mzoga, anayebeba chupa, anayefagia meza, aelezwe kwa lugha yake, na aone mchoro. Tunawaomba watu muda wao, miguu yao na macho yao. Tusiwaombe pia wabahatishe. Mnaponiona nikimfokea kijana mpya kwa ajili ya chombo kisicho na lebo, mjue simfokei yeye.

Kumwambia Kabedi kulinichukua miaka kumi na miwili. Nilikuwa na sababu nzuri kila mwaka: njia, magonjwa, kazi, watoto. Mwishowe nilitumwa Kasai kwa ajili ya ndege wa mto Sankuru, nikapanda treni mpaka Mwene-Ditu, kisha lori mpaka Mbuji-Mayi. Mukendi alikuwa amekwisha kufa. Mjane wake aliniambia kwamba alifundisha shule ya msingi, akiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Ndiye aliyenionyesha nyumba ya Kabedi.

Nilimkuta uani akichekecha unga wa muhogo. Alinitambua mara moja. Alinipa kiti kifupi, yeye akabaki juu ya mkeka. Nilimwambia yote bila kuzunguka: kutu, kopo la maziwa, lebo ya kesho, penseli, makaa, hatua nne, na kwamba mzee alipigwa kwa kosa langu huku nikitazama. Unga uliendelea kushuka kwenye beseni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Muzee hakuniambia kitu. Mpaka analala mu kaburi." Aliweka chekeche chini. "Mi nilikuwa nasema njo mikono yangu tu ilimuua. Miaka yote hii. Mikono yangu tu."

Aliitazama mikono ile, nyeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Nilisubiri anilaani, au anisamehe. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Hakufanya hata moja.

"Aksanti ya kusema," alisema. "Sasa enda."

Nilisimama. Naye alisimama, akajipangusa kwenye kitenge, akanisindikiza mpaka njiani, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Kwenye kona aligeuka, akarudi kwenye unga wake.